Bei ya Safwa Siku ya Idi

Irbid, 14 Rajabu

Mwanangu Rudayna,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii inakukuta mzima wa afya, unakula vizuri na unalala kwa wakati. Sisi huku hatujambo. Goti la mama yako limetulia kidogo tangu baridi ipungue. Anakusalimu sana na anauliza kama bado unakula zile tambi za kikombe. Nimemjibu kwamba umeacha. Usinifanye mwongo.

Nakuandikia kwa kompyuta namba saba, ile moja niliyobakiza tulipofunga intaneti kafe na kuanza kuuza vishikwambi. Simu siipendi, kwa sababu mama yako huifungulia sauti na jirani akachangia mazungumzo. Haya ninayotaka kukuambia sitaki mama yako ayasikie.

Duka linakufa, mwanangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, basi bora nikuambie mwenyewe. Idi iliyopita watoto walijaa humu, pesa zao za sikukuu mkononi, noti mpya walizopewa na ami na wajomba. Nikafurahi. Nikawatolea vishikwambi vyote, wakavishika, wakapiga picha, wakauliza kipi kinakaa na chaji na kipi hakigandi. Nilieleza mpaka mate yakanikauka. Kisha kasichana kamoja kenye adabu zake kakaniambia, "Ahsante ami, nimeshaagiza Nakhla kwa punguzo la Idi. Nilikuja kuona rangi tu." Karibu wote walikuwa hivyo. Walikuja kuona rangi.

Nakhla ni kwenu, duka lenu la mtandaoni. Sikulaumu, mshahara ni mshahara. Lakini mwenye nyumba, Abu Shakir, amepata mtu wa kuku wa kuchoma anayeitaka fremu yangu, na amenipa mpaka Idi. Nikiuza vizuri nabaki. Nikishindwa naondoka. Mzigo nitakaochukua sasa ndio wa mwisho, sina mwingine wa kujaribia.

Wewe unakaa kwenye kile chumba wanakopanga bei. Niambie tu ni kishikwambi gani mtakishusha Idi hii, nisikinunue. Sitaki zaidi ya hapo.

Baba yako,
Abu Ghaith


Dubai, 17 Rajabu

Baba yangu mpenzi,

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Nakubusu mkono wewe na mama. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila kikohozi kidogo cha viyoyozi vya ofisini. Tambi za kikombe nimekula mara moja. Mwambie mama ni mara moja, usimwambie ni wiki hii.

Barua yako nimeisoma chooni kazini, maana ndiko pekee ambako hakuna anayechungulia kioo cha simu yako. Nimelia kidogo, kisha nikanawa uso nikarudi kupanga bei.

Baba, acha nikueleze jinsi mambo yalivyo, usidhani nakunyima kwa roho mbaya. Kila Idi tunachagua kishikwambi kimoja tu, tunakiita chambo. Tunakiuza chini ya bei tuliyokinunulia kwa siku nne, na hasara tunaijua. Siku ya tano kila ukoo una mtoto anacho, na binamu zake wasio nacho wanalia. Hapo tunairudisha bei juu, na watu wanaendelea kununua kwa sababu sasa ndicho kinachojulikana. Kile cha Idi iliyopita, miezi miwili kabla yake kilikuwa kinakusanya vumbi ghalani, hakuna aliyekiulizia. Watu hudhani kitu kikipendwa ndipo kinauzwa sana. Miaka mitatu niliyokaa humu naona kinyume: kwanza tunakishusha, kisha kinauzwa, na mapenzi yanakuja mwisho. Halafu mtu anaapa kwamba alikitaka tangu zamani.

Sasa jina la chambo tunalijua watu watano. Nimetia saini. Nikilitoa nje nafukuzwa, na kibali cha kukaa nchi hii kinaondoka na kazi. Nisamehe, Baba. Niombe chochote kingine. Ukikubali nitachangia kodi, ingawa najua utakasirika hata kwa kusoma sentensi hii.

Na kwa nini unanisainia Abu Ghaith? Mtaa mzima unakuita kwa jina la mwanao wa kiume, sawa, ndiyo desturi. Lakini Ghaith yuko Kanada, hapigi simu hata siku ya Idi. Anayejibu barua zako ni mimi.

Nakutania tu. Mwanao akupendaye,
Rudayna


Irbid, 2 Shaabani

Mwanangu,

Salaam. Sisi wazima. Umesema kweli na sikulaumu. Kodi usitume.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikuwa na la kuandika. Juzi alikuja mwalimu mmoja na mwanawe, kishikwambi chao kimegoma kuwaka. Nikakaa nacho saa nzima mpaka kikakubali. Kilikuwa kimenunuliwa Nakhla. Akaona haya, kesho yake akaniletea kahawa ya kusaga yenye hiliki. Ninakunywa sasa hivi. Nzuri sana, lakini hailipi kodi.

Jana Abu Shakir alimleta mtu wa kuku. Nilikuwa na mteja mbele yangu. Yule bwana akaanza kupima kwa hatua pale patakapowekwa jiko badala ya rafu, akanikanyaga mguu, akanipa pole kwa adabu, akaendelea kupima. Mteja akauliza kama duka linahama. Nikasema hapana.

Rudayna, nimekata tamaa. Asubuhi nashika kufuli na mkono hautaki kufungua. Nimepita sitini, kazi nyingine siijui, na nikikaa nyumbani mama yako atajua kila kitu kwa kunitazama tu. Wakala anataka nitaje mzigo wa Idi kabla ya wiki kwisha. Jawla au Safwa, ndivyo viwili vilivyopo kwa bei ninayoiweza. Nikikosea nimekwisha. Nitatupa sarafu, nadhani.

Kula vizuri.
Baba yako


Dubai, 3 Shaabani

Baba,

Usitupe sarafu. Chambo ni Jawla. Usinunue Jawla hata kimoja. Chukua Safwa.

Usimwambie mtu yeyote, hata mama. Ukishaisoma barua hii ifute.

Mwanao


Irbid, 19 Shaabani

Roho ya baba yako, Rudayna,

Assalaam alaykum. Unaendeleaje na kikohozi? Chemsha majani ya miramia, weka asali, acha ubishi. Mama yako anakutumia kopo la viungo vya zaatari kwa mtoto wa Umm Jalal anayerudi Dubai Jumapili. Goti limerudi kumsumbua lakini hakubali kukaa.

Nimefanya kama ulivyosema. Duka limejaa Safwa kuanzia sakafuni mpaka juu. Nimeuza gari, nimechukua mzigo mkubwa kuliko nilivyowahi kuchukua maishani, na sikuuliza mara ya pili. Usiku nalala usingizi wa mtoto. Mama yako kauliza gari liko wapi, nimesema kwa fundi. Baada ya Idi litarudi kutoka kwa fundi likiwa jipya.

Sasa kuna jambo dogo. Unamjua Abu Qutayba wa duka lililo jirani na langu. Unajua tunakunywa kahawa ya birika moja tangu wewe hujaanza shule. Jumatano akaja na furaha tele, ananiambia anaagiza Jawla mzigo mzima, amekopa kwa shemeji yake, na akipata faida ndiyo harusi ya Qutayba. Mimi nimeshika kikombe alichonimiminia yeye mwenyewe. Ningemezaje? Nikamwambia, ndugu yangu, achana na Jawla, chukua Safwa. Akaniuliza nimejuaje. Nikaipuliza kahawa. Akatabasamu, akasema, "Mungu amhifadhi binti yako." Wewe sikukutaja mimi, wallahi. Alikutaja yeye.

Ni yeye peke yake, na ameapa kwa Mungu hatamwambia mtu isipokuwa shemeji yake.

Ramadhani hiyo inakuja. Kheri nyingi kwako.
Baba yako mwenye furaha,
Abu Ghaith


Dubai, 5 Ramadhani

Baba,

Salaam na Ramadhani karim. Natumai saumu ni njema na mama anakula daku vizuri. Mimi mzima. Zaatari imefika.

Baba, umewaambia watu wangapi?

Leo kwenye kikao Bwana Wisam, mkuu wetu, ametandaza hesabu za mawakala wa Jordan. Amman wamenunua Jawla, Zarqa wamenunua, Aqaba wamenunua. Irbid hakuna. Hakuna hata duka moja. Irbid yote imenunua Safwa. Akacheka, akauliza, "Hivi watu wa Irbid wana jini linalowasomea karatasi zetu?" Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikahisi meno yangu ni ya mtu mwingine. Kisha akanitazama akaniuliza familia yetu ni ya wapi vile. Nikasema kaskazini, Irbid sikuitaja. Akasema, "Kaskazini kuzuri," akaendelea na mambo mengine.

Sijui kama amejua. Nafuturu kwa tende na maji, chakula hakipiti. Nakuomba kwa jina la Mungu, Baba, waambie wanyamaze, na madirishani waweke hata Jawla mbili tatu kwa macho ya watu.

Mwanao


Irbid, 7 Ramadhani

Mwanangu,

Ramadhani karim. Kula, nakusihi. Mtu hafungi usiku.

Mimi nilimwambia mmoja. Huyo akamwambia shemeji, shemeji ana ndugu mwenye duka karibu na msikiti, na hao ndugu wana ukoo. Sasa wafanyeje, wawaache wenzao wazame? Hapa mtu hawezi kufuturu huku jirani yake anaelekea shimoni. Nilijua hivyo kabla sijafungua mdomo, na bado niliufungua. Mdomo uliponza kichwa.

Lakini ungeuona mtaa wetu ungesahau hofu. Kuanzia lango la Chuo Kikuu mpaka kwenye mzunguko, kila kioo kina Safwa. Wamezizungushia taa za mwezi na nyota. Baada ya Tarawehe watu wanafurika, watoto wanazishika, wanachora, wanaulizana una Safwa ya bluu au ya fedha. Abu Qutayba ameweka moja nje kwenye meza, anaonyesha bure, huku ana sinia ya vitamu vya katayifu anagawa. Sijapata kuona mji unaongea habari za kishikwambi kimoja namna hii. Wote wanasema watanunua Idi, pesa za sikukuu zikipatikana. Wakinipita wananishika bega: "Mungu akuwekee binti yako, Abu Ghaith." Mwenye nyumba naye kaja, kaona umati, kamwambia mtu wa kuku asubiri.

Bado wiki tatu. Mungu atatusitiri.

Baba yako


Dubai, 25 Ramadhani

Baba,

Wamebadilisha. Ni Safwa.

Kikao kilifanyika bila mimi. Nimeona asubuhi hii kwenye ukurasa wetu kama mnunuzi yeyote: picha ya Safwa, mwezi mwandamo, nusu ya bei, kuanzia usiku wa kuamkia Idi. Nimekaa kwenye kiti changu nimeitazama mpaka mtu akaniuliza kama naumwa.

Rudisheni mzigo leo. Mwambieni wakala chochote. Usisubiri kesho, Baba. Nijibu hata neno moja.

Rudayna


Irbid, 5 Mfunguo Mosi

Mwanangu Rudayna,

Assalaam alaykum. Kullu aam wa anti bi kheir, ingawa Idi imekwisha. Sisi wazima wa mwili.

Wakala hakupokea. Maboksi tulikuwa tumeyafungua wenyewe ili watu waonje. Mzigo uliofunguliwa haurudi, hiyo ndiyo kanuni yake siku zote.

Siku ya kwanza, baada ya sala na kuzuru makaburi, nilifungua duka kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Watoto wakaja na nguo zao mpya. Hawakuja hata kuona rangi, rangi walishaijua. Mmoja akanionyesha simu ya mama yake, bei yenu ikiwaka, akaniambia, "Ami, mbona unatudhulumu?" Nikampa peremende. Leo nasikia bei yenu imerudi juu, lakini haitusaidii kitu. Nani Irbid hana Safwa sasa?

Nyumbani mama yako alipanga vileja vya maamuli na kahawa chungu sebuleni kama kila mwaka. Hakuna mwanaume hata mmoja wa mtaa wetu aliyekuja kutupa mkono wa Idi. Alipouliza kwa nini, nikamwambia yote, pamoja na gari. Hakunigombeza. Aliiondoa sinia ikiwa imejaa, akaifunika kitambaa. Bora angenigombeza.

Wanasema ulitumwa. Wanasema Nakhla ilikupa maneno uyapande kwetu ili tuitangaze Safwa, kisha muivune. Harusi ya Qutayba imeahirishwa, na shemeji mtu amekuja kudai mbele za watu. Wanasema binti wa Abu Ghaith ameuza mtaa wa baba yake.

Kwa hiyo jana nilifanya jaha. Nilimwomba Abu Dirar, mkubwa wa ukoo wetu, na wazee wengine wawili, wanisindikize kwa Abu Qutayba kuomba radhi. Wenzake wote walikuwepo. Kahawa ikamiminwa. Abu Dirar akapokea kikombe, akakiweka chini kama ipasavyo, akasema hatunywi mpaka tupewe tulilolijia. Sisi sote tukaweka vyetu chini.

Abu Qutayba hakuwa mkali. Laiti angekuwa mkali. Alisema, "Abu Ghaith ni ndugu yangu, sina neno naye. Aseme jambo moja hapa mbele yenu: binti yangu alinidanganya. Akilisema, kunyweni kahawa yenu, yaliyopita yamepita."

Wote wakanigeukia. Nikajaribu kueleza kwamba uliniambia kweli, kampuni ndiyo iliyogeuza. Mmoja akacheka puani. Abu Dirar akaniminya goti chini ya meza niseme, yaishe. Nikasema, "Mwanangu hakunidanganya." Vikombe vikabaki mezani vimejaa, tukaondoka.

Mlangoni kwetu Abu Dirar akasema, "Ungesema tu. Msichana yuko Dubai, hakusikii." Nikamwambia mimi nasikia.

Mtu wa kuku amelipa arubuni.

Baba yako


Dubai, 8 Mfunguo Mosi

Baba yangu,

Salaam. Nakubusu mkono na kichwa. Mwambie mama anisamehe.

Bwana Wisam ameniita. Nilidhani ananifukuza, kumbe alinikaribisha chai. Akanifungulia hesabu. Kwa ukubwa wake, hakuna mji ulioagiza Safwa kwetu Idi hii kushinda Irbid. Akaniambia alijua tangu Ramadhani ilipoanza, na angenitimua siku ileile, ila alituma mtu wake kupiga picha mtaani kwenu. Akanionyesha. Kuna taa zenu, kuna meza ya Abu Qutayba na sinia yake, na wewe upo mlangoni umeshika Safwa juu, umezungukwa na watoto, unacheka. Akasema, "Tangazo kama hili siwezi kulilipia. Mwezi mzima wamewafanya watu wakitamani. Sisi tumebakiza kushusha bei tu."

Halafu akasema Idi ya kuchinja inakaribia. Anataka nikunong'oneze tena, jina atakalonipa yeye. Ametaja na cheo.

Nimeacha kazi, Baba. Nimeweka kadi yangu mezani nikatoka, nikashuka ngazi zote kwa miguu. Kibali changu kinakwisha, narudi nyumbani. Sina mpango, sina kazi, na kila nikifumba macho naiona ile picha.

Lakini jambo moja naliweza. Mwambie Abu Qutayba aweke birika motoni. Nitakuja mwenyewe, nitasema mbele yao wote kwamba nilikudanganya. Ni maneno mawili tu. Jina langu huko halina kazi, wewe ndiye unayeishi na wale watu. Nakuomba, kunywa kahawa yao.

Mwanao,
Rudayna


Dubai, 15 Mfunguo Mosi

Baba,

Salaam. Hukunijibu. Nikipiga simu mama anasema uko msikitini, au uko sokoni, au umelala. Baba, wewe hulali mchana.

Nafika Amman Alhamisi adhuhuri. Usipokuwepo uwanja wa ndege nitajua umenikasirikia. Nitachukua teksi moja kwa moja mpaka kwa Abu Qutayba kabla sijafika nyumbani, na nitasema niliyokuahidi. Usinizuie.

Rudayna


Irbid, 17 Mfunguo Mosi

Mwanangu, roho ya baba yako,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai unaisoma ukiwa mzima, umefunga mizigo na umekula. Goti la mama yako halijambo. Tangu juzi anapika kana kwamba kinakuja kikosi cha jeshi.

Sikukujibu kwa sababu ungenibishia, nami sikutaka nibishiwe kabla sijamaliza.

Jana nilikwenda kwa Abu Qutayba peke yangu. Mtu haendi jaha peke yake, ni aibu, lakini nani tena angenisindikiza? Walikuwepo wengi. Akanimiminia kahawa kwa sababu mgeni ni mgeni, nami nikaiweka chini. Nikawaambia nimekuja kusema ukweli niliouficha. Nikasema: binti yangu aliniandikia kwamba Safwa ndiyo itakayoshuka. Safwa, kwa jina lake. Mimi nikaona mtoto wa kike aliyekaa ofisini anajua nini cha biashara, nikafanya kinyume, nikawaambia na ninyi kinyume. Siku ile ya jaha niliposema hakunidanganya, nilimaanisha hivyo. Niliona haya kumalizia.

Waliamini papo hapo. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko yote, jinsi walivyoamini upesi. Mmoja akasema na yeye mabinti zake hawasikilizi. Abu Qutayba akasema, "Yaani mwanao alikupa dhahabu, ukatugawia kokoto." Nikasema ndiyo. Akasema, "Kunywa kahawa yako." Nikainywa. Ilikuwa imepoa. Nilipoinuka hakuna aliyenisindikiza mlangoni, na nadhani hatatokea tena wa kunisindikiza katika mtaa ule. Nilikuwa nimelijua hilo nikiwa njiani kwenda.

Basi ndivyo ilivyo, na maji yakimwagika hayazoleki. Usiende kwa Abu Qutayba kusema neno, utanifanya mwongo mara mbili. Mimi ni mzee mbishi aliyewatia wenzake hasara. Mtu wa namna hiyo wanamcheka, mwisho wanamzoea. Msichana aliyeuza mtaa wa baba yake wasingemzoea kamwe, na wewe una maisha ya kuishi hapa.

Nina ombi moja. Watakuuliza, sokoni, harusini, hata mama yako atakuuliza, maana naye nimemgeuzia yale ya siku ya Idi, nimemwambia hivyohivyo. Wajibu: nilimwambia baba, hakuniamini. Liseme ukiwa umenyoosha shingo. Najua litakukwama. Wewe unajua na mimi najua kwamba niliuza gari kwa mistari yako miwili bila kuuliza mara ya pili, na Mungu akinipa mistari mingine miwili kutoka kwako nitafanya vilevile. Lakini hilo libaki letu. Mbele yao, sikukuamini.

Duka nimelikabidhi. Mtu wa kuku kaniruhusu niitumie kompyuta namba saba mpaka leo jioni, mafundi wake wananigongea ukuta hapa nyuma. Hii ndiyo barua ya mwisho kutoka kwenye mashine hii. Haidhuru, unarudi.

Alhamisi nitakuja na basi, nitakuwa uwanjani kabla ya adhuhuri. Utanitambua, mimi ndiye nisiye na gari.

Baba yako,
Abu Rudayna